Mke Aliyekufa kwa Kila Mlima

Koti la mwongozaji wa mlimani linanuka yai viza. Ni salfa hiyo. Inatoka na mvuke kwenye nyufa za kileleni, inaingia ndani ya uzi, na kwa sabuni peke yake haitoki. Lazima uliloweke koti kwenye maji ya magadi mpaka maji yageuke rangi ya mkojo, uyamwage, uloweke tena, ndipo uanze kufua. Muuza kofia, yaani mwanamke anayeishi na Redio sasa, hajui kazi hiyo na hataki kuijua. Kwa hiyo koti la Redio lilikuwa linaletwa kwangu mimi, mke aliyeachwa, na aliyelileta ni binti yetu, ambaye sikuwa na moyo wa kumrudisha mlangoni na kifurushi mkononi. Nililifua nimegeuza uso pembeni.

Watu wakimsimulia Redio huanzia mdomoni, maana jina lenyewe alipewa kwa sababu hazimiki. Mimi nitaanzia miguuni, kwa sababu miguu ndiyo iliyomlisha kwanza. Ujanani alibeba vikapu vya kokoto kutoka kilima chekundu nyuma ya mji, kilima kidogo kama kichuguu kilichokatwa kichwa, akiwapelekea wafyatua matofali. Kokoto zile ni nyepesi, zina matundu kama mkate, lakini zinakata. Visigino vyake vilipasuka kiasi cha kuficha sarafu. Jioni alikaa kwenye mkeka akibandua ngozi iliyokufa, kipande baada ya kipande, akaviacha pale pale kando ya mto wangu. Kila asubuhi nilifagia ngozi ya mume wangu, nikaona hiyo ndiyo ndoa.

Siku moja mwalimu alileta wanafunzi pale kilimani kuwaeleza jinsi mlima wa moto unavyozaliwa. Redio aliweka kikapu chini asikilize, na kusema kweli hakukiokota tena. Wageni waliofuata aliwaeleza yeye. Wakati huo alichokijua ni kwamba mlima ulipasuka, basi. Mengine aliyapatia jikoni kwangu.

Nilikuwa napika uji mzito, nimefunika sufuria na kuweka jiwe juu ya kifuniko ili moshi usiingie. Uji ukachemka chini, mvuke ukakosa njia, kifuniko kikaruka na uji ukatapakaa ukutani. Redio alisimama akiutazama ukuta kama mtu aliyeona malaika. "Ndivyo alivyosema mwalimu," akasema. "Chini sana kuna joto hadi mawe yanayeyuka. Yakiyeyuka yanakuwa mepesi kuliko mawe yaliyobaki magumu, yanapanda kwenye nyufa, yanakusanyika mahali kama sufuria chini ya ardhi. Na ndani yake kuna hewa iliyonaswa. Yakikaribia juu, hewa inavimba."

"Chukua kitambaa ufute," nikamwambia.

Hakufuta. Kesho yake aliwapa wageni sufuria ile, na mpaka leo wanaisifu: mwongozaji ambaye hakusoma, anaeleza volkano kwa uji. Sufuria ilikuwa yangu, uji wangu, na ukuta niliusugua mimi. Katika maelezo yake hapakuwa na mwanamke jikoni. Nilipokuja kuingia katika hadithi zake, niliingia nikiwa maiti.

Lakini kwanza aliondoka. Aliondoka mchana, amebeba godoro letu kichwani, watu wakimsalimu njiani naye akiitikia kama anayetoka sokoni. Hatukugombana. Kugombana kungekuwa heshima. Mimi na binti tukapata chumba nyuma ya nyumba ya wageni ya Mama Funguo, mwenye funguo nyingi kiunoni hata unamsikia kabla hajakata kona, na nikawa mfuaji wake. Chumba chenyewe kimegusana na mahali pa kufulia. Ukuta unatoka ukungu mweusi wenye manyoya, na ukiufuta leo, kesho umeota.

Basi asubuhi moja nilikuwa natandua vitanda, mgeni mnene mwenye pua iliyobabuka kwa jua akaniita kutoka barazani alikokuwa anakunywa chai.

"Mama, yule mwongozaji wenu amepitia makubwa."

"Yupi?"

"Mwenye kofia nyekundu. Redio. Mke wake alimezwa na lava. Alikuwa anakimbia na mtoto mgongoni, akamrusha mtoto juu ya jiwe, yeye mwenyewe akazama. Redio anasema cha mwisho kuonekana kilikuwa mkono."

Mkono wenyewe ulikuwa umeshika shuka lake, lenye jasho lake na makombo ya biskuti.

"Poleni sana mji mzima," akasema.

"Ahsante," nikamjibu. "Tumeshapoa."

Nilimaliza vitanda, nikavua aproni, nikaenda getini wanakopandia wageni. Redio alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza kofia, anachokonoa sikio kwa ufunguo. 

"Nasikia nimekufa," nikasema.

Hakushtuka. Alitoa ufunguo sikioni, akaukagua, akaufuta kwenye suruali. "Nani kakwambia?"

"Mfiwa wangu mmoja. Ameniachia na pole."

Muuza kofia akacheka huku anapanga kofia zake. "Dada, wenzio wanakufa kweli na hakuna wa kuwalilia. Wewe unaliliwa kila siku na bado umenuna."

"Wewe nyamaza. Unafanya biashara kwenye matanga yangu."

"Mama watoto, nisikilize," Redio akasema, kwa ile sauti ya asali anayowapa wageni. "Watu hawatoki kwao kuja kusikia mawe. Jiwe ni jiwe. Nikiwaambia mlima ulipasuka, wanapiga picha. Nikiwaambia mlima ulinichukulia mke, wanakaa chini."

"Na huyu hapa? Si ungemuua yeye, kama ni mke unatafuta?"

"Huyu wanamwona. Anawauzia kofia."

Kisha akafanya jambo ambalo likinijia wakati wa kula nasukuma sahani. Alitaka kunionyesha kwamba hafanyi kwa dharau, kwamba ananililia vizuri. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi, na chozi likatoka, chozi kweli kweli, likashuka kando ya pua hadi mdomoni. Akalilamba. Halafu akanitazama kusubiri nimsifu.

Nikarudi kufua. Uoza mwingine hata ubani unaukimbia.

Mwezi ule alikuja mgeni tuliyemwita Mama wa Mawe. Alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, kazi yake kusoma milima ya moto, na mifuko yake ilikuwa adhabu kwa mfuaji. Nisipoikagua, jiwe linabomoa beseni. Nilikuwa nayatoa na kuyapanga dirishani ili ayachukue akirudi. Siku hiyo yalikuwa matatu, na kila moja alikuwa amelitoa mlima wake, maana alikuwa amezunguka na Redio siku kadhaa.

Akaja kuyachukua. Hakuondoka. "Nina swali la umbea," akasema. "Redio ameoa mara ngapi?"

"Kwa nini?"

"Amefiwa na wake watatu. Mmoja kule mlima mpana, mmoja kilima chekundu, na leo, tuliporudi mlima mkubwa, mwingine. Na kila mmoja kabla ya kufa alimrusha mtoto juu ya jiwe. Nikajiuliza, huyu mtu anaoaje wanawake wenye shabaha namna hiyo."

"Wote watatu ni mimi," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama mikono yangu ndani ya povu, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Nilimngoja amalize.

"Basi mimi ndiye niliyekuua mara mbili," akasema akijifuta macho. "Siku ya kwanza, kule mlima mkubwa, alisema lava ilikukimbiza. Nikamwambia, ndugu yangu, lava ya mlima huu haimkimbizi mtu, nikamweleza kila mlima unavyoua. Akanishukuru sana. Sasa naona amepanga vifo vyako kufuata aina za milima, na ubaya ni kwamba amevipanga sawasawa."

Nikamuuliza amevipanga vipi. Mtu ana haki ya kujua kilichomuua.

Akachukua jiwe la kwanza, jeusi, limejikunja usoni kama kamba zilizolala pamoja. Hili, akasema, limetoka mlima mpana, ule ambao ukiwa juu yake hujui kama uko mlimani. Mawe yanayoyeyuka chini yake ni mepesi kama uji wa mgonjwa. Hewa inatoka bila shida, kwa hiyo mlima haupasuki kwa kishindo, unamwaga tu. Uji unakwenda mbali kabla ya kuganda, tabaka juu ya tabaka, na mlima unakuwa mpana na wa chini kama ngao iliyolazwa. Huko, kwenye mteremko mkali, lava inaweza kweli kumpita mtu mbio. Huko ndiko mkono wangu ulikobaki nje.

La pili lilikuwa jekundu na jepesi, nikalijua bila kuambiwa. Nililifagia miaka mingi likidondoka kutoka nyufa za visigino vya Redio. Kilima chekundu, akasema, ni mtoto. Uji wake ulirushwa juu kama chemchemi, matone yakaganda hewani na kuanguka kuzunguka tundu, yakarundikana hadi yakawa kilima chenye bakuli kichwani. Kilima cha namna hiyo mara nyingi hutema kwa msimu mmoja tu wa maisha yake, kisha hunyamaza kabisa. Hapo niliuawa na mawe ya moto yaliyonyesha kama mvua.

"Bora hicho," nikasema. "Kinanyamaza."

La tatu lilikuwa la kijivu, zito, lina punje nyeupe ndani. La mlima mkubwa, mrefu wenye mabega makali. Uji wake ni mzito kama ugali. Hewa inanaswa humo, mlima unavimba kimyakimya miaka na miaka, na ukifunguka unarusha majivu mpaka mawinguni. Kisha unasukuma lava nzito juu yake, kisha majivu tena, ndiyo maana ukiukata utaona matabaka kama ya keki. Lava yake ajuza mwenye mguu mbovu anaweza kuikwepa. Kinachoua pale ni wingu la majivu na hewa ya moto linaloteremka mteremkoni kasi kuliko gari. Mtu hana wakati wa kukimbia.

"Lakini mimi nilipata wakati wa kumrusha mtoto."

"Hapo tu ndipo alipokosea."

Nilimuuliza kama ndiyo imekwisha milima. Akasema upo mwingine, ule unaotapika vyote vilivyo tumboni mpaka unabaki mtupu ndani, paa lake likadidimia lote na kuacha shimo pana, mara nyingine na ziwa katikati.

"Usimwambie," nikasema.

Lakini siyo hayo yaliyoninyima usingizi. Binti yangu alitaka kuwa mwongozaji. Ana sauti ya baba yake na, namshukuru Mungu, siyo masikio yake. Chama cha waongozaji kilikuwa kimempangia siku ya kupimwa: apande kilima chekundu na kundi la wageni, aeleze mbele ya mwenyekiti, na akiwaridhisha avishwe beji. Baba yake ndiye aliyemfundisha njia. Jioni moja tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha hizi mimi ncha zile, nikaona anakwepa macho yangu.

"Mama, nikikwambia usikasirike."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Baba anataka niseme ile habari. Pale ukingoni. Anasema ikitoka kwangu itawaingia zaidi, kwa kuwa mimi ndiye mtoto aliyerushwa."

Tukakutanisha ncha. Alikuwa karibu yangu kabisa, ananukia sabuni.

"Na wewe utasema nini?"

"Anasema mwenyekiti anapenda kuona wageni wamekaa chini."

"Nimekuuliza wewe."

Akachukua shuka jingine. "Ni maneno tu, mama. Kila mtu mjini anajua uko hai. Na nikipata beji tunahama humu. Angalia ukuta ule."

Niliuangalia. Nilijua anachonipa: chumba kikavu, na mimi nizikwe nje yake. Sikumkataza. Ningemkataza angeacha kwa kuniogopa, na kesho kutwa, nikiwa sipo, angeyasema. Nilitaka nisikie kitakachotoka kinywani mwake mwenyewe, kwa sababu maneno ya Redio nilikuwa nimeshayazoea, lakini kuzikwa na mtoto uliyembeba mgongoni, tena akilia machozi ya kujifunza, hilo sikujua kama ningeamka nalo.

Siku ilipofika, Mama Funguo akaniambia nipeleke chai na mikate kilimani, maana wale wageni walikuwa wa kwake. Sikumwomba. Nilijitwisha kikapu nikapanda. Kokoto za kilima kile hazikushikana toka zilipoanguka. Unapanda nazo zinakurudisha, na viatu vinajaa makali. Nilipofika ukingoni kundi lilikuwa limekaa likitazama bakuli la kilima. Mwenyekiti alikuwa pembeni na fimbo yake. Redio alikuwa nyuma, anatafuna kijiti na kutema vipande.

Binti yangu alikuwa anaeleza, na alieleza vizuri. Aliokota kokoto, akawaonyesha matundu, akasema kila tundu ni hewa iliyokuwa inakimbia jiwe lisigande nayo. Akawaambia wafikirie sufuria ya uji iliyofunikwa. "Mama yangu aliwahi kupika uji kama huo," akasema, "kifuniko kikaruka." Nikasimama na kikapu kichwani. Hayo hakufundishwa na baba yake.

Alipomaliza akaiweka kokoto chini. Redio akakohoa. Akakohoa tena.

"Hadithi ya kilima hiki ni hiyo," binti akasema.

Redio akaja mbele, akamwekea mkono begani. "Amezidiwa, mwanangu. Mniwie radhi, nitamalizia mimi. Ni kuhusu mama yake." Na bila haraka, kokoto zikiwa zinang'aa kwa jua, akaanza kuniua. Mawe ya moto yakanyesha. Nikamfunika mtoto kwa mwili wangu. Nikamrusha juu ya jiwe. Chozi likaja mahali pake lilipozoea. Wageni wakainamisha vichwa, na mama mmoja akaushika mkono wa binti yangu.

Binti akautoa mkono wake taratibu. "Mama," akaniita, "tua hicho kikapu. Kizito."

Wote wakageuka. Nikatua.

Redio hakupepesa jicho. "Huyu ni dada wa marehemu," akawaambia. "Ndiye aliyemlea."

Nilimtazama mwenyekiti. Alikula nyama ya harusi yangu, alirudia sahani, mafuta yakamtiririka hadi kwenye kola. Sasa alikuwa anakagua ncha ya fimbo yake.

"Siyo dada," binti akasema. "Ni mama aliyenizaa. Hajafa. Shuka mlizolalia jana kazifua yeye."

Nilidhani hapo ndipo paa lake litakapodidimia. Lakini Redio alitikisa kichwa polepole, akawatazama wale watu kwa huruma kuu, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto ana uchungu. Mpaka leo hajakubali."

Na walimwamini. Siyo wote, ila wa kutosha. Yule mama aliyemshika binti yangu mkono alikuja akanipapasa bega, akasema, "Pole kwa dada yako. Umemlea vizuri." Nilikuwa nimesimama mbele yake na pumzi zangu na chupa ya chai mkononi, na hadithi ilimwingia kuliko mimi. Nikammiminia chai.

Mwenyekiti alimwambia binti kwamba mawe anayajua, ila bado hajajua kufuatana na mkubwa wake, kwa hiyo beji itangoja hadi mwakani. Binti aliteremka amekumbatia kikapu changu kitupu, hataki nikibebe. Chumbani ule ukuta ulikuwa pale pale na manyoya yake.

Siku ya kufua ilipofika, niliandaa maji ya magadi kama kawaida, maana mikono ina mazoea yake hata moyo ukichukia. Binti akarudi kutoka getini mikono mitupu, akachukua beseni, akaanza kuloweka shuka za wageni.

"Koti la baba yako liko wapi?"

"Nimemwachia."

"Akasemaje?"

"Akauliza nani atalifua." Alikuwa anasugua bila kuinua macho. "Nikamwambia marehemu hafui."

Nikamwaga yale maji ya magadi kwenye mfereji. Sasa koti linaning'inia nje, kwenye msumari wa kibanda cha kofia, kwa sababu muuza kofia hataki liingie ndani. Nikipita getini nalinusa kabla sijaliona.